Kula na kunywa kanisani: kwa Mkatoliki aliyehamia Bagamoyo

Mwaka juzi familia moja iliyohamia mtaani kwetu kutoka bara ilifanya sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya binti yao. Mbuzi wawili, pilau masufuria mawili makubwa, kreti za soda zimepangwa mpaka mlangoni. Majirani wote wakaja, maana huku ukialikwa huachi kwenda. Wakakaa mkekani, wakanywa soda, wakamsifu mtoto na shela lake, wakaaga kwa adabu. Sahani za pilau zikarudi jikoni zimejaa kama zilivyotoka. Usiku mwenye nyumba akaja kwangu, sauti inamtetemeka: "Dada, tumewakosea nini hawa watu?" Nikamuuliza swali moja tu: mbuzi kachinja nani? Akajibu, "Mimi mwenyewe."

Nimekuwa jikoni na akina mama wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu binti yangu wa kwanza yuko mgongoni, na sasa naye ana wake. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia wageni wanaohamia hapa, kwa mpangilio wa Jumapili yenyewe inavyokwenda: nyumbani, kanisani, uwanjani, kisha nyumbani tena.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa moja ungali nyumbani

Sheria ya mfungo wa Ekaristi ni fupi. Anayetaka kupokea komunyo asile wala asinywe chochote kwa muda wa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa. Ni kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Wengi huhesabu saa hiyo mpaka misa inapoanza, ndiyo maana wanakaa na njaa bila sababu. Hesabu inakwenda mpaka dakika unayopokea.

Chukua misa ya saa 1 asubuhi. Jumapili, kwa mahubiri ya padre asiyekuwa na haraka na kwaya inayopenda kurudia kiitikio, komunyo inafika karibu na saa 2. Aliyemaliza kitumbua chake na chai saa 12 na nusu hana wasiwasi. Misa za siku za juma ni habari nyingine: hazizidi nusu saa sana, kwa hiyo misa ya saa 12 alfajiri komunyo yake inakukuta kabla ya saa 12 na nusu. Hapo ukinywa chai saa 11 na dakika 40 umejifungia mlango mwenyewe. Kunywa maji, chai utaikuta.

Chai ya rangi inahesabika, kahawa ya kijiweni inahesabika, juisi ya ukwaju inahesabika. Maji hayahesabiki hata kidogo, na kwa joto la huku nakusihi uyanywe. Wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza wamesamehewa: wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kila mwaka namwona mama mwenye kisukari anajibana njaa "kwa heshima ya Yesu", kisha anatolewa nje anapepewa kwa kanga. Mama, kula. Kanuni hiyohiyo ya 919 imekuruhusu.

Bibi yangu hakuwahi kukubaliana na saa moja. Yeye alikulia kwenye mfungo wa tangu saa 6 usiku, bila chakula wala maji. Akipiga mswaki asubuhi na tone likamponyoka kooni, siku hiyo hapokei, anabaki benchi anasali rozari yake. Papa Pius XII aliyaruhusu maji mwaka 1953, mwaka 1957 akapunguza mfungo wa chakula na pombe ukawa saa 3, kisha Papa Paulo VI akaufikisha saa moja Novemba 1964. Bibi alizisikia habari zote hizo akazipokea kama anavyopokea habari za bei ya nazi Mombasa. Usimcheke mzee wa namna hiyo, wala usimlazimishe chai.

Na pombe ya mnazi ya Jumamosi usiku: saa moja imeshapita zamani, kweli, lakini harufu haijui kanuni. Ukiamka bado inakutangulia mlangoni, nenda misa ya pili.

Hatua ya 2: Ukishaingia, mdomo umefungwa

Ndani ya kanisa hakuna kinacholiwa isipokuwa Ekaristi. Karanga, ubuyu, pipi, bisi, vyote vinabaki kwenye mkoba. Jojo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtafunaji hujisahau. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 10 hivi nilifika karibu kabisa na padre na jojo imejaa shavuni. Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinishika sikio akanitoa pembeni bila kusema neno, akaninyooshea kiganja nitemee humo. Kiganja chake! Kisha akaifunga kwenye kona ya kanga yake akaendelea na foleni. Mpaka leo nikimwona naamkia mara mbili.

Walio na ruhusa ni hawa. Mtoto mchanga ananyonya palepale alipo mama yake, na yeyote anayemkodolea macho ndiye mwenye kosa. Januari 2017 Papa Fransisko, akibatiza watoto kwenye Kikanisa cha Sistina, aliwaambia akina mama wanyonyeshe bila woga watoto wakilia njaa. Kama Sistina imewezekana, benchi la kwetu litashindwaje? Jitande kanga, maliza. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kupewa maji au uji wa kwenye chupa, lakini uwe wa kwenye chupa ya mfuniko. Chipsi na juisi ya boksi ni kualika siafu na ugomvi, kwani mtoto wa benchi la nyuma naye ataitaka. Akizidi, toka naye nje mpaka kivulini, umlishe, urudi.

Mtu mzima anayehitaji maji anywe, ila asubiri wakati watu wanasimama au wanakaa, asigeuze chupa juu kama tarumbeta padre akiwa ameinua hostia, ule mkate wa komunyo. Wanakwaya, nanyi ni watu wazima: chupa ziwe chini ya benchi.

Hatua ya 3: Kupokea

Hapa ndipo penye adabu yote, na pana mambo machache tu.

Njoo mikono mitupu na misafi. Simu mkononi, funguo, noti ya sadaka iliyosahaulika, vyote viache. Ukipokea mkononi, weka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, kama unavyomtengenezea mgeni kiti. Padre au mgawaji wa komunyo akisema "Mwili wa Kristo", jibu "Amina" ya kusikika, songa hatua moja pembeni, kula hostia hapohapo mbele yake. Usitembee nayo. Usimpelekee mtoto, usiifunge kwenye leso kwa ajili ya mgonjwa nyumbani. Mgonjwa ana utaratibu wake, nitaufikia. Tazama kiganja kama kuna chembe, ile nayo. Ukipenda kupokea kwa ulimi ni haki yako, hakuna wa kukuona mshamba.

Bibi zetu walituambia tukiitia jino hostia tumemuuma Yesu. Hakuna sheria inayosema hivyo. Itafune taratibu au iache iyeyuke, jambo la msingi usirudi benchi unaongea na jirani huku inakwama kwenye kaakaa.

Ikidondoka, simama. Usiinamie, usiirukie. Mgawaji ataiokota kwa heshima na mahali ilipodondokea patasafishwa. Ajali hiyo si dhambi.

Kuhusu divai: siku nyingi tunapokea mwili peke yake, na hapo Kristo yumo mzima, hujapunjwa kitu. Siku padre anapochovya hostia kwenye kikombe, unapokea kwa ulimi tu. Usinyooshe mkono, na usiichukue hostia ukaichovya mwenyewe. Aliyeacha pombe kwa sababu ya afya au nadhiri amwone padre kabla, wala asione haya. Na mwenye ugonjwa wa tumbo unaokataa ngano amwambie paroko mapema sana: Kanisa linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo, ila isiyo nayo kabisa hairuhusiwi, kwa kuwa lazima iwe ngano; asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake.

Asiyepokea abaki amekaa. Yanaweza kuwa mengi: hajatubu, ndoa haijabarikiwa, amekula mihogo njiani. Huku pwani kumuuliza mtu "mbona hukupokea?" ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi mfukoni. Na ukiwa na wageni wasio Wakatoliki, hasa siku ya ndoa, waeleze kabla ya misa, kwa upole na kwa siri, kwamba foleni ile si ya wote na kubaki kwenye kiti si aibu. Nimewahi kuona bwana mmoja mwenye kofia yake ya kiua, jirani mwema wa bwana harusi, anasogea na foleni kwa kudhani ni heshima kwa wenyeji. Ilibidi katekista amkimbilie. Bwana yule aliona aibu ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenyeji aliyemwalika asimwambie kitu.

Hatua ya 4: Vipaji, yaani matoleo

Mkate na divai ndivyo vinavyofika altareni. Usinunue divai dukani ukaileta: ya misa lazima iwe ya zabibu tupu isiyochanganywa kitu, na mkate uwe wa ngano tupu bila chachu, na parokia inajua inakovipata. Vyako wewe, mchele, unga, nazi, mafuta, sukari, sabuni, mkungu wa ndizi, vinapokelewa kwa furaha na kuwekwa pembeni ya altare, si juu yake. Yai moja linatosha. Naliona kila siku ya mavuno, mwenye yai moja anajificha nyuma ya mwenye gunia. Usijifiche.

Kuku mfunge miguu na umshike mabawa kwa mikono miwili. Tulikuwa na jogoo aliyefungwa vibaya akaingia chini ya mabenchi, akawika katikati ya Prefasio, ile sala ya shukrani inayoanzisha Sala ya Ekaristi. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha kanisa, hawakusali tena siku ile. Samaki wabichi usilete. Najua ni mji wa wavuvi na nia yako njema, lakini kuanzia vipaji mpaka baraka ya mwisho ni muda mrefu, na joto ni la Bagamoyo. Wapeleke kwa masista mchana, au ulete fedha yake. Pombe ya aina yoyote, mbege ikiwemo, haiingii kwenye maandamano.

Kukiwa na mnada nje baada ya misa, nunua hata fungu la mchicha, na ukinunua lipa palepale. Deni la mnadani linasemwa kuliko deni la dukani.

Hatua ya 5: Uwanjani

Baada ya misa hakuna muda uliowekwa wa kusubiri kabla ya kula. Wazee hukaa dakika 10 au 15 za shukrani, nami nawaunga mkono, halafu chai.

Misheni ya Bagamoyo ni mahali pa hija. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, mbuyu walioupanda bado umesimama, na mwili wa David Livingstone, yule mpelelezi Mskoti, ulilazwa kwenye mnara wa kanisa la zamani Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Watu wanakuja kwa mabasi kutoka Dar es Salaam na mbali zaidi, na vyakula vyao kwenye mahotpoti. Mwaka 2018, jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, ilikuwa kama soko. Kula kivulini chini ya miembe, uliza kama huna hakika ya mahali. Usitandike mkeka makaburini, hata kama pana upepo mzuri; pale wamelala wamisionari, wengi wao waliokufa vijana kwa homa. Usile kwenye ngazi za kanisa wakati misa nyingine inaendelea. Mifupa na maganda ondoka navyo kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na askari wa getini hatakubali hadithi yako.

Ukinunua mihogo ya kukaanga au kashata kwa wauzaji wa nje, sogea pembeni ule umekaa. Kula unatembea, umevaa sare ya WAWATA, na pilipili inachuruzika kiwikoni, si picha nzuri.

Hatua ya 6: Sherehe ya nyumbani

Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, kipaimara, ndoa: yote yanaishia kwenye sufuria. Bagamoyo jirani yako wa kulia ni Mwislamu, wa kushoto ni Mwislamu, na anayekuuzia nazi ni Mwislamu. Watakuja. Kazi yako ni kuhakikisha wanakula.

Mchinjaji anatangulia yote. Siku mbili kabla, nenda mwenyewe kwa mzee wa jirani au yeyote anayechinja mtaani, usimtume mtoto. "Shikamoo mzee, Jumapili tuna shughuli ya binti yetu, tunaomba utusaidie kuchinja." Atakuja na kisu chake, atamlaza mnyama kuelekea kibla, atataja jina la Mungu, amemaliza. Mpe chake, iwe fedha kidogo au kipande cha nyama. Na achinje mbele za watu, uani, asubuhi, si gizani: majirani wakishaona nani kashika kisu, habari inafika jikoni zote kabla ya nyama.

Kuna ndugu zangu wa bara wanaona hili ni kujidhalilisha. Wanasema, mbona sisi Wakristo hatuna masharti? Nami nawajibu: kwa hiyo huna unachopoteza. Mkristo anakula nyama aliyochinja Mwislamu, Mwislamu wa mtaani kwangu hatakula uliyochinja wewe. Mbuzi ni yuleyule. Mwaka 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Mimi sitaki ugomvi wa namna hiyo uvuke Ruvu kuja huku, na gharama ya kuuzuia ni kumwamkia mzee mmoja.

Kinachofuata ni masufuria. Kitimoto, nyama ya nguruwe, ukipenda ni haki yako, lakini siku hiyo isiwepo kabisa, wala isipikwe jana yake kwenye chombo hichohicho. Mwenye sufuria ya kitimoto nyumbani aiwekee alama na asiiazimishe. Mimi yangu nimeifunga waya mwekundu mkononi. Waombe majirani wa kike waje kupika nawe: kwanza, pilau yao inaishinda yako, tukubaliane; pili, mama aliyekoroga sufuria mwenyewe ndiye atakayewaambia wengine kwamba chakula hakina tatizo.

Vipimo vyangu: kilo moja ya mchele nahesabia watu 6, kwa hiyo watu 100 ni kilo 17. Kreti moja ina chupa 24. Watu 100 wanataka kreti 5, na zile 20 zinazobaki zitawapata wapishi. Mapambo na muziki punguza. Chakula kikipungua hakuna spika ya kukiziba.

Saa ya kula iwe baada ya adhuhuri. Weka maji ya udhu na mkeka msafi pembeni, na usiulize nani anakwenda kuswali. Padre akifika, atabariki chakula kwa sala fupi; wageni wengine watasema Bismillah yao kimoyomoyo, na chakula ni kilekile. Kijana mdogo apite na birika na beseni, aanze na wazee. Wazee na wageni wanapakuliwa kwanza, watoto wafuate, wapishi mwisho. Wapishi wawekewe chao mapema kwenye sufuria iliyofunikwa, kwa sababu "watakula mwisho" huwa inaishia kwenye ukoko.

Meza kuu ni ya mtoto, wazazi, msimamizi wake na padre. Mbuzi mzima wa kuoka, yule ndafu anayekatwa kama keki, naye ni wa mchinjaji yuleyule. Watu husahau kwa kuwa ameletwa tayari amepambwa na majani mdomoni. Uliza ulikomwagiza.

Bia. Kama shughuli iko ukumbi wa parokia, panga soda na maji, na kwa lingine lolote mwulize paroko kabla, si siku yenyewe. Nyumbani kwako, wapo majirani ambao hawatakaa kwenye meza yenye chupa ya pombe hata kama wao wamepewa soda. Kwa hiyo waache wale, waage, wafike kwao. Saa 11 jioni ukifungua kreti lako nyuma ya nyumba hakuna atakayelalamika. Mnazi uletwe kwenye dumu lililofungwa, siyo kwenye ndoo iliyopitishwa mbele ya mashehe.

Akija mgeni akasema ameshiba, mkaribishe mara ya pili. Mara ya tatu ni kumsumbua. Mfungie apeleke kwa watoto.

Hatua ya 7: Jumuiya na mgonjwa

Kwenye sala za jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, usipike. Weka maji ya kunywa, basi. Ukianza wewe na maandazi, wiki ijayo mwenzako ataona lazima aweke maandazi na chai ya maziwa, na wa tatu, asiye na kitu, ataomba sala isifike kwake. Sherehe ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, ndiyo ya kuchangia na kula pamoja. Padre akija kigango, kanisa dogo la parokia, mlishe chakula cha kawaida cha nyumba yako: samaki wa nazi, wali, mchicha. Huenda ana misa nyingine mbele; kanuni inamruhusu kula kidogo kati ya misa na misa, kwa hiyo usimcheleweshee.

Mgawaji anapokuja kumkomunisha mgonjwa, kuna namna ya kumpokea ambayo ni kinyume na adabu zetu zote. Usimkaribishe chai. Usimwambie "karibu ukae kwanza tuongee". Amebeba Ekaristi; mpeleke moja kwa moja kwa mgonjwa. Andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na glasi ya maji ya kumsaidia mgonjwa kumeza. Kama hawezi kumeza vizuri, sema mapema, anaweza kupewa kipande kidogo sana. Salamu za nyumba na kahawa zije baada ya sala ya mwisho.

Hatua ya 8: Kwaresima, na Ramadhani

Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga: mlo mmoja kamili, na mingine miwili midogo isiyofikia mlo kwa pamoja, kwa mwenye miaka 18 mpaka aanze mwaka wake wa 60. Nyama hailiwi kuanzia miaka 14. Mayai, maziwa na samaki vinaruhusiwa. Nami nauliza kila mwaka, na kila mwaka wananikasirikia: sisi tunaoishi hatua chache kutoka soko la samaki, Ijumaa Kuu ukijipikia kamba wa nazi na wali, umejinyima nini? Dagaa na ugali wapo.

Miaka hii mifungo miwili inaangukiana. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla yake. Wakati huo mchana usipeleke sahani kwa jirani, usikaange samaki dirishani kwake saa 10 alasiri, na watoto wasile mandazi kibarazani. Jioni ndiyo zamu yako. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga: kimoja kinatosha, kifike kabla ya adhana ya magharibi, kimefunikwa kwa kawa.

Sahani haitarudi tupu. Ile familia ya mbuzi wawili walijaribu Ramadhani iliyofuata, magimbi kwenye bakuli la udongo, mtoto wa shela akatumwa. Bakuli lilirudi siku ya pili na kaimati. Wakarudisha la mwenzao na ndizi za nazi, likarudi na sambusa. Sikukuu ya Idi ilipofika, mama wa nyumba akaniuliza jikoni, safari hii anacheka: "Dada, hivi hili bakuli linasimama lini?"